Supermoto kwenye barabara za milimani Kenya: Kununua ni siku moja, kuitunza ni miaka

Barabara inayotoka Iten kwenda Kabarnet, nchini Kenya, huanzia kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, katika mji unaojulikana duniani kwa wanariadha wake wa mbio ndefu. Kutoka hapo lami huteremka kupitia Tambach kwa kona moja baada ya nyingine, hadi kwenye daraja la Chebloch linalovuka mto Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini ya mahali safari ilipoanzia. Kisha hupanda tena upande wa pili kuelekea milima ya Tugen. Msomaji aliyewahi kusafiri kati ya Mombo na Lushoto anaifahamu hali hiyo: dereva akishusha gia, breki zikinuka, na bonde likionekana dirishani upande wa kulia, kisha upande wa kushoto.

Katika barabara ya namna hiyo, mwendo mkubwa hauna faida. Kinachotakiwa ni chombo chepesi, chenye breki za uhakika na kinachogeuka haraka, kwa kuwa kona inayofuata haiko mbali. Hizo ndizo sifa za pikipiki ziitwazo supermoto. Hata hivyo, sifa zinazomvutia mnunuzi siku ya kwanza sizo zinazoamua iwapo atakuwa bado nayo baada ya miaka minane. Makala haya yanaeleza supermoto ni nini, hugharimu nini kadiri miaka inavyopita, na ni mambo gani madogo ambayo yakipuuzwa huweza kugharimu maisha.

Mseto uliozaliwa kwenye televisheni

Asili ya supermoto ni Marekani. Mwaka 1979, kipindi cha michezo cha kituo cha televisheni cha ABC kilichoitwa Wide World of Sports kilianza kuonyesha shindano lililopewa jina la Superbikers, lililofanyika Carlsbad, katika jimbo la California. Waendeshaji wa mbio za lami, wa mbio za viwanja vya udongo na wa mbio za motokrosi waliwekwa kwenye njia moja iliyochanganya lami na udongo, ili ijulikane nani kati yao alikuwa hodari kuliko wote. Kwa kuwa hapakuwa na pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya aina hiyo, mafundi walilazimika kubuni mseto.

Shindano hilo lilikoma kuonyeshwa mwaka 1985, lakini mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuvuka bahari na kupata mashabiki barani Ulaya, hasa Ufaransa. Tangu mwaka 2002, Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Pikipiki, FIM, lina mashindano ya dunia ya supermoto.

Mseto wenyewe ni rahisi kuueleza. Huchukuliwa pikipiki ya porini, yenye fremu nyembamba na springi ndefu. Gurudumu lake la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18 huondolewa, pamoja na matairi yake yenye vipara vikubwa. Badala yake huwekwa magurudumu ya inchi 17 yenye matairi mapana na laini ya barabarani, na diski ya breki ya mbele huongezwa ukubwa. Matokeo yake ni pikipiki ndefu kwenda juu lakini nyepesi, yenye usukani mpana, inayoinama na kuinuka kwa wepesi pale kona zinapofuatana.

Jina moja, mashine mbili tofauti

Kosa la kwanza la mnunuzi hutokea kabla hajatoa fedha. Chini ya jina la supermoto kuna mashine za aina mbili, na kwa macho zinafanana.

Aina ya kwanza ni ya mashindano. Injini yake imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa uzito mdogo kabisa. Sehemu zake za ndani ni nyepesi, oili yake ni kidogo, na matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za kazi ya injini, wala si kwa kilomita. Aina ya pili ni ya barabarani. Ina taa, vioo na nafasi ya namba za usajili, na injini yake imepunguzwa makali ili ifanye kazi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kufunguliwa.

Tofauti hiyo huonekana vizuri kwa hesabu. Tuchukue mtu anayeendesha kilomita 6,000 kwa mwaka, yaani safari za mwisho wa wiki na matembezi machache. Kwa miaka minane atakuwa amekwenda kilomita 48,000. Ikiwa mwendo wake wa wastani milimani ni kilomita 50 kwa saa, injini itakuwa imefanya kazi kwa saa 960. Pikipiki ya mashindano inayobadilishwa oili kila baada ya saa 15 ingehitaji kubadilishwa oili mara 64 katika kipindi hicho, na pistoni yake nayo ina ukomo wa saa unaofika mapema. Kwa timu yenye fundi wake hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtu mwenye mshahara na familia, ni mzigo ambao utamfanya aiache pikipiki ikae bandani.

Mfano wa Suzuki DR-Z400SM

Kwa upande wa mashine za barabarani, mfano mzuri wa umiliki wa muda mrefu ni Suzuki DR-Z400SM. Aina hiyo iliingia sokoni mwaka 2005, ikiwa imejengwa juu ya pikipiki ya porini ya DR-Z400 iliyotoka mwaka 2000. Ina silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 398, hupozwa kwa maji, ina gia tano, na uzito wake ikiwa tayari kwa safari ni takriban kilo 146. Kiti chake kiko karibu sentimita 89 kutoka ardhini, kimo kinachowatisha wengi wanapoipanda kwa mara ya kwanza.

Jambo lenye maana kubwa kwa mmiliki ni kwamba nchini Marekani pikipiki hiyo iliendelea kuuzwa kwa takriban miongo miwili bila mabadiliko makubwa, ikibaki na kabureta wakati nyingine nyingi zilikwisha kuhamia kwenye mifumo ya kielektroniki ya kuingiza petroli. Ilipofika Novemba 2024 ndipo Suzuki ilipotangaza mrithi wake, DR-Z4SM, wenye mfumo wa kielektroniki wa petroli na breki zinazozuia magurudumu kujifunga.

Kwa mpenda mambo mapya, pikipiki isiyobadilika kwa miaka yote hiyo huonekana imepitwa na wakati. Kwa mwenye kuimiliki, hiyo ni akiba. Kipuri kilichotengenezwa kwa pikipiki ya mwaka mmoja mara nyingi huingia kwenye ya mwaka mwingine. Udhaifu wake nao umekwisha kujulikana: wamiliki wa siku nyingi hukikagua kifaa kinachokaza mnyororo wa ndani ya injini, huhakikisha nati fulani za ndani hazijalegea, na hupaka grisi beringi za mkono wa nyuma kabla ya kutu kuingia. Kasoro inayojulikana mapema hutibiwa kwa siku moja gereji, ilhali isiyojulikana humkuta mtu njiani usiku.

Hesabu ya miaka minane

Turudi kwenye zile kilomita 48,000, safari hii kwa pikipiki ya barabarani. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mmiliki ataweka takwimu zake kulingana na mwendo wake, matairi anayochagua na maelekezo ya kitabu cha pikipiki yake.

Akibadilisha oili kila kilomita 3,000, atafanya hivyo mara 16. Tairi la nyuma likidumu kilomita 6,000 na la mbele mara mbili ya hapo, atanunua matairi 8 ya nyuma na 4 ya mbele. Mnyororo na sproketi zake vikidumu kilomita 16,000, atahitaji seti 3. Mafuta ya breki yakibadilishwa kila baada ya miaka miwili, ni mara 4. Ikiwa inakwenda kilomita 20 kwa lita, itakunywa lita 2,400 za petroli. Ama ukaguzi wa nafasi za valvu, kazi ambayo wengi huiogopa, kwa DR-Z400SM hufanywa kila baada ya kilomita 24,000, yaani mara mbili tu katika miaka yote minane.

Orodha hiyo inaonyesha jambo ambalo mnunuzi mpya halitazamii. Moyo wake uko kwenye injini, lakini fedha zake zitakwenda kwenye matairi. Tairi laini hushika lami vizuri kwa sababu hiyo hiyo inayolifanya liishe upesi. Asiyetenga fedha za matairi tangu mwanzo hufika mahali akaamua kusogeza mbele, akaendesha mwezi mmoja zaidi, kisha mwingine, hadi mvua imkute kwenye kona akiwa na mpira usio na mifereji.

Joto la mteremko

Hapa ndipo gharama ndogo hugeuka kuwa suala la uhai. Pikipiki yenye mtu juu yake, kwa pamoja kilo 225, ikishuka mita 1,000 bila kuongeza mwendo, nishati ya mshuko huo lazima iende mahali fulani. Kama yote ingegeuka kuwa joto ndani ya breki, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita sita za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na sehemu nyingine na injini, lakini kwa mwenye mazoea ya kushuka huku ameshikilia breki, fungu kubwa hubaki kwenye diski na pedi zake.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama pikipiki haitembei. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika kwa daraja hilo hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, mapovu ya mvuke hujitokeza ndani ya bomba. Mvuke hubanwa kwa urahisi, kwa hiyo mkono wa breki huingia hadi kugusa mpini huku pikipiki ikiendelea kwenda. Mwendeshaji hapati onyo kubwa kabla ya hapo, kwa sababu kwenye barabara tambarare za mjini breki hizo hizo zilikuwa zikifanya kazi vizuri.

Tiba yake ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye pikipiki: chupa moja ya mafuta ya breki iliyofunguliwa siku hiyo hiyo, kila baada ya miaka miwili. Pamoja na hilo ni tabia ya kushuka kwa gia ndogo ili injini izuie mwendo, kufunga breki kwa nguvu lakini kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha kuziachia zipoe. Injini ya silinda moja husaidia sana katika jambo hilo.

Kupanda nako kuna hesabu yake. Katika mwinuko wa mita 2,400 hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani, na injini hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Anayetaka kulipita lori kwenye mlima wa Tambach hapaswi kukadiria kwa mazoea ya Tanga au Mombasa.

Pale lami inapoishia

Kwa kuwa supermoto ilitokana na pikipiki ya porini, wengi hudhani itafika popote. Springi zake ndefu humeza mashimo na matuta vizuri, na tumbo lake liko juu. Tatizo liko chini, kwenye magurudumu. Gurudumu dogo la inchi 17 huzama ndani ya shimo ambalo la inchi 21 lingelivuka juu juu, na tairi laini halina cha kushikia kwenye moramu, sembuse kwenye matope ya masika. Changarawe iliyosombwa na mvua na kuachwa katikati ya kona ya lami ni hatari zaidi, kwa kuwa mwendeshaji huikuta akiwa tayari ameinama.

Baadhi ya wamiliki hutatua suala hilo kwa kuwa na seti mbili za magurudumu, moja ya lami na nyingine ya vumbi. Wengine huchagua matairi yenye mifereji mingi na kukubali kupungua kwa mshiko kwenye lami. Asiyeweza kufanya lolote kati ya hayo, na ambaye kwake lami ni nusu tu ya njia, atahudumiwa vyema zaidi na pikipiki ya kawaida ya porini.

Kuna mipaka mingine ya kukubali mapema. Tangi la DR-Z400SM hubeba lita 10 hivi, kwa hiyo ni busara kutafuta petroli kila baada ya kilomita 150. Kiti ni chembamba na kigumu. Katika barabara kuu, injini yenye gia tano hunguruma na kutikisika kwa mwendo ambao pikipiki kubwa huuona wa kawaida. Si chombo cha kubebea gunia la mahindi wala watoto wa shule.

Fundi wa karibu anaweza nini

Afrika Mashariki ina mafundi wengi wa pikipiki, na wengi wao wamejifunza kazi kwenye Boxer na TVS za bodaboda. Ujuzi huo una thamani kubwa kwa mwenye supermoto, lakini una mipaka yake. Kuziba pancha si tatizo, kwa kuwa magurudumu ya spoku ya DR-Z400SM hutumia tyubu. Kubadilisha oili, mnyororo, pedi za breki na beringi za magurudumu ni kazi ya kawaida.

Valvu ni habari nyingine. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, fundi hurekebisha tapeti kwa kulegeza nati na kuzungusha skrubu. Kwenye injini kama ya DR-Z400SM, nafasi hiyo hurekebishwa kwa kubadilisha visahani vidogo vya chuma vyenye unene uliopimwa kwa sehemu za milimita, na ili kuvifikia ni lazima kuondoa mashafti yanayosukuma valvu. Fundi asiyewahi kuifanya kazi hiyo anapaswa kusema hivyo, na mwenye pikipiki anapaswa kumshukuru kwa kusema. Rejeta nayo ni mgeni kwa aliyezoea injini zinazopozwa kwa upepo: huziba kwa matope na hupinda pikipiki inapoanguka.

Mtego mwingine ni wa matairi. Boxer na supermoto zote zinaweza kuwa na magurudumu ya inchi 17, lakini namba hiyo ni ya kipenyo tu. Tairi la bodaboda ni jembamba mno kwa rimu ya supermoto. DR-Z400SM hutumia kipimo cha 120/70 mbele na 140/70 nyuma. Kile cha mbele ndicho kinachotumiwa na pikipiki nyingi kubwa za barabarani, kwa hiyo hupatikana kwa wauzaji wanaozihudumia pikipiki hizo, na si katika kila duka la vipuri la wilayani.

Kabla ya kununua iliyotumika

Kwa wengi, supermoto ya kwanza itakuwa iliyokwisha kutumika. Mnunuzi aombe kuiona injini ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa inayogoma kuwaka asubuhi huweza kuwa na valvu zilizobana. Gurudumu la mbele liinuliwe kutoka ardhini na usukani ugeuzwe polepole. Ukikwama katikati, beringi za shingo zimeumia, pengine kwa sababu mwenye nayo alizoea kuinyanyua mbele na kuiangusha. Spoku zigongwe moja moja ili kusikia iliyolegea. Nguzo za mbele zitazamwe kama zinavuja oili. Namba ya fremu ilinganishwe na ya kwenye hati za usajili kabla ya fedha kutolewa.

Kisha mnunuzi ajipangie bajeti ya mavazi kwa fedha ile ile, asiiache ya baadaye. Sheria ya Kenya inawataka mwendeshaji na abiria wa pikipiki wavae kofia ngumu na koti lenye kuakisi mwanga. Kwa barabara za milimani, glavu, buti na koti lenye kinga za viwiko na mabega ni sehemu ya gharama ya pikipiki.

Supermoto humfaa mtu mwenye barabara zenye kona karibu na nyumbani, mwenye chombo kingine cha shughuli za kila siku, na aliye tayari kuweka daftari la matengenezo. Humlemea anayetarajia itamzalishia kipato au itambeba kwa safari ndefu za barabara kuu.

Na kwa yeyote anayeshuka kutoka Iten, kwa pikipiki ya aina yoyote, daraja la Chebloch ni mahali pazuri pa kusimama. Baada ya kuegesha, abane mkono wa breki ya mbele. Ukiwa mgumu kama ulivyokuwa juu mlimani, anaweza kuendelea kwenda Kabarnet. Ukiwa umelegea na kukaribia mpini, asubiri breki zipoe kabisa, aende taratibu hadi kwa fundi, na asianze safari ya kurudi kabla mafuta ya breki hayajabadilishwa.